Jina Ndani ya Gilasi ya Maziwa

Kuna watu wa mtaani kwetu Gatitu ambao mpaka leo wakiniona nimebeba ubao begani wanavuka barabara, na siwalaumu, maana kwa aibu niliyoipata mchana ule katika ukumbi wa chuo, mbele ya wakubwa wenye suti na akina mama wenye vitambaa kichwani, hata mimi ningekutana na mimi ningevuka. Miaka minane nimekataa kuisimulia. Leo naisimulia kwa kuwa kila anayeisimulia anatia chumvi, mara ati ubao ulilia, mara ati ulitoa moshi. Haukulia. Afadhali ungelia.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la tatu, na tangu hapo mikono hii (mnaiona?) imeandika nusu ya mji wa Nyeri, mabucha, hoteli, vinyozi, duka la viatu lenye kiatu kikubwa kuliko mlango, na hakuna mtu aliyenifundisha. Lakini miaka ya sabini ikaja na mambo yake, kila kazi nono inataka cheti, na chama cha ushirika cha maziwa kikatangaza kwamba kinatafuta fundi wa kuandika mabango ya vituo vyote vya kupokelea maziwa, Tetu na kwingineko, na fundi huyo awe na cheti. Basi mimi na tumbo langu na miaka yangu arobaini nikajiandikisha chuo cha ufundi, muhula mmoja wa uchoraji wa matangazo, nikakaa dawati moja na wasichana wa miaka kumi na tisa walioniita Baba Darasa.

Mwalimu wetu, Barasa, kijana mpole aliyetoka upande wa magharibi, alitupa kazi nne. Ya kwanza ilikuwa herufi, na hapo niliwamaliza wote, nikawaita waje waone. Ya pili pakiti ya majani chai, nikachora simba, naye akauliza, "Fundi, simba anakunywa chai?" nikamwambia huyu wangu anakunywa. Ya tatu nembo ya duka la dawa, nikaitia rangi saba, akaandika pembeni neno moja tu, Punguza. Nikitazama nyuma naona neno hilo lingenifaa hata nje ya darasa. Ya nne ndiyo ilikuwa bango la maziwa, na watu wa ushirika wenyewe wangekuja kwenye maonyesho ya kufunga muhula kuchagua bango moja, na mwenye bango anapata kazi. Mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wa Gatitu kwamba nimeipata.

Mwalimu alikuwa na sheria moja kubwa: ubao uwe mpya, na kabla ya rangi yoyote upake dawa ya kuziba, uiache ikauke siku nzima. Sasa mimi nilikuwa nimebakisha siku moja (siku nyingine nilikuwa nazunguka nikijisifu, lazima nikubali), na ubao mpya sikuwa nao, lakini nyuma ya kibanda changu kulikuwa na ubao safi wa mwerezi, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Ubao ule aliuagiza mama mmoja wa Tetu, Nyina wa Ndirangu. Huyo Ndirangu, mwanawe, alikuwa utingo wa lori. Siku moja koti lake likapatikana kando ya mto kule Sagana, yeye mwenyewe hakuonekana, wala mwili. Baada ya muda shemeji za huyo mama wakamwambia inatosha, tuweke alama ya kaburi pale nyumbani, tumlilie, tumalize. Akaja kwangu akaagiza, akalipa, nikaandika, hakurudi kuuchukua. Nikasema moyoni, miaka minne, huyu amesahau. Nikapaka nyeupe mara mbili juu ya maandishi bila kuziba chochote, nikachora gilasi kubwa ya maziwa yamejaa mpaka ukingoni, na chini yake, KUNYWA MAZIWA UISHI MIAKA MINGI. Jamani, ilikuwa kazi! Asubuhi niliipeleka ukumbini ikiwa nyeupe kama jino la mtoto.

Kulikuwa na ukungu na baridi ya kukunja vidole, halafu saa tano jua likapiga mabati na ukumbi ukapata joto. Wanjiku, jirani yangu wa dawati, akanivuta shati.

"Baba Darasa, maziwa yako iko na damu."

"Hiyo ni kivuli."

"Kivuli ya nani?"

Nikatazama. Katikati ya maziwa kulikuwa na mstari wa waridi, kama mshipa unavyoonekana chini ya ngozi. Nikaufuta kwa kidole. Kidole kikatoka safi. Kitu hicho hakikuwa juu ya rangi, kilikuwa chini yake, kinapanda. Nikageuka kumsalimia mgeni, niliporudi mstari ulikuwa umepata mguu. Nikageuka tena, ukapata wa pili, na nikaijua ile N, kwa sababu hakuna mwingine Nyeri anayeiandika N yenye mguu mrefu vile. Ulikuwa mkono wangu mwenyewe unaniandikia kutoka ndani.

Kufikia saa saba jina lilikuwa limekamilika, NDIRANGU, jekundu hafifu ndani ya maziwa, na ukumbi ukalisoma kuanzia mbele kwenda nyuma. Mama mmoja akasema, "Shindwe!" Mwenyekiti wa ushirika akaja na miwani yake. "Fundi, ni nini hii?"

"Ni mtindo mpya," nikasema. (Ndiyo, nilisema hivyo.)

Mwalimu akaninong'oneza, "Uliziba?"

"Nilisahau kidogo."

"Nyekundu ya zamani hupenya nyeupe. Nilifundisha wiki ya kwanza!"

Wiki ya kwanza nilikuwa nawafundisha wasichana kushika burashi.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema. Akasema, "Gilasi yenyewe nimeipenda. Futa hilo jina sasa hivi watu waone limetoka, utapaka upya baadaye, na kazi ni yako." Nikalowesha kitambaa kwa tapentaini, nikainua mkono, na mkono ukashikwa kutoka nyuma. Vidole vilikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

"Usimfute."

Alikuwa Nyina wa Ndirangu. Mjukuu wake alikuwa akisomea ushonaji chuo hicho hicho, na mama alikuja kuona magauni yake.

"Mama, ni rangi tu," nikasema. "Ni ubao wako. Nilichora juu yake. Nyekundu imepenya."

"Amechora maziwa juu ya alama ya marehemu!" mtu akapiga kelele, na wengine wakarudi nyuma hatua mbili.

Yeye hakurudi. "Niliagiza mistari miwili. Jina, na chini yake ALALE SALAMA. Ya pili iko wapi?"

Chini ya jina palikuwa peupe kabisa. Nilijua sababu: jina niliandika kwa nyekundu, na mstari wa pili kwa nyeusi, na nyeusi ile haipenyi. Mwalimu naye alijua, akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu mpaka akaufunga.

"Moyo wangu ulikataa hayo maneno," mama akasema, "ndiyo sababu sikuja. Na ubao pia umeyakataa."

"Fundi," mwenyekiti akaita, "unafuta ama hufuti?"

Tapentaini ilikuwa inadondoka kwenye kiatu changu. Nikatia kitambaa mfukoni, mfuko wa suti ya harusi yangu. "Sifuti."

Kazi alipewa Wanjiku, kwa bango lake la ng'ombe anayecheka. Cheti sikukiona. Nilibeba ubao mpaka Tetu, mama mbele, mimi nyuma, watu wanatoka mashambani kusoma, na alipofika hakuuweka nje. Aliusimamisha ndani, kuelekea mlango. Nilipokuwa natoka akaniuliza polepole, "Hiyo nyeusi, Fundi, inachukua muda gani kutokea?"

Kumbe alijua ni mambo ya rangi.

"Haitokei, Mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Nimeapa kwamba ubao wa mtu hata ukioza utaozea pale alipouacha. Na Tetu, upande ule, sipiti tena, maana naogopa siku moja nitaingia kumsalimia nikute nyeusi imenifanya mwongo.