Simu Isiyokatika

Mwanangu ameniwekea adapta, kiboksi kinachopitisha simu ya mezani kwenye intaneti, na sasa kupiga Maskati ni karibu na bure. Juzi jirani yangu, mama wa makamo, alikuja kumpigia bintiye aliyeolewa huko. Mimi nilikuwa nakuna nazi.

Sauti ya binti ikitoka kwenye spika ya simu, wakasalimiana kama ada yetu. Watoto hawajambo, jirani hawajambo.

"Na mumeo?"

"Hajambo, mama."

Zamani, kwenye kibanda cha simu cha Darajani, salamu hizo ndizo zilizomaliza pesa. Safari hii alibaki na nafasi ya kuuliza.

"Mbona simsikii akikohoa huko nyuma kama zamani?"

"Mama, simu itakatika."

"Haikatiki hii. Nshakaa kitako."

Niliacha kukuna. Jirani alikishika kile kiboksi kwa mkono mmoja, kama anayezuia kifaranga asikimbie.

"Kaniacha, mama. Tangu kabla ya Ramadhani."

"Nnajua," akasema kwa upole. "Nlikuwa nakungoja uniambie. Njoo nyumbani."

Miaka yote tumeilaumu simu ghali kwa kututenga na wana wetu. Kumbe ilikuwa pia ikiwasitiri.