Meza ya Watu Wawili

Binti yetu ndiye aliyetulipia ile safari ya meli. Anakaa Dar, mambo yamemnyookea, akaona wazazi wake tunazeekea Tukuyu kwenye mvua na ukungu bila kuona chochote. Akapiga simu. "Mama, jiandaeni. Ni meli ya watalii, inazunguka miji ya zamani ya pwani. Kilwa, Unguja, Pangani, Tanga, halafu inarudi. Mnalala humo humo, mnakula humo humo. Na nimewaombea meza ya watu wawili, ya dirishani." Nikamwuliza, meza ya watu wawili ya nini? Akacheka. "Mkae muongee, mama. Kama watu."

Niseme ukweli, ile meza ndiyo iliyonipeleka. Bahari sikuwa na shida nayo. Kama ni maji nimeyaona, kwetu yanamwagika kutoka juu karibu mwaka mzima. Lakini kukaa meza moja na mume wangu, yeye hapa mimi pale, tukala mpaka tukamaliza, hilo sikuwahi kulipata tangu aliponitoa Makandana nikiwa msichana, akanipeleka kwao Kisondela. Sasa nywele zimekuwa nyeupe.

Wanyakyusa tuna neno letu, ukwangala. Ni kukaa na wenzako wa rika lako, mkala, mkanywa, mkapiga stori mkacheka. Mwanaume anapimwa kwa hilo. Yule anayejifungia ndani akala na mke wake wanamsema kuwa ni mchoyo, ana roho mbaya, wengine watakwambia ni mchawi kabisa. Mume wangu hakuna aliyewahi kumsema. Chakula changu kilitoka nje ya mlango miaka yote, mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na nyama ndani ya hotpoti, leo wanakula kwetu uani, kesho kwa mwenzao. Mimi nilikula jikoni na watoto. Watoto walipoondoka nikala jikoni na paka. Tulipohamia Tukuyu mjini, mtaa wa Msasani, tukanunua meza nzuri ya kioo, ikawa ya wageni. Sikulalamika kwa mtu. Nilijisemea tu moyoni, ngoja astaafu. Akastaafu, na wenzake nao wakastaafu, balaa likazidi.

Basi tukapanda meli. Nilikuwa nimeshona gauni la rangi ya maji ya kunde kwa ajili ya jioni ya kwanza, na nikajipaka mafuta ya mgando mpaka miguuni. Mhudumu wa chumba cha kulia, mama mmoja wa makamo mwenye lafudhi ya Kitanga, akatufikisha kwenye meza yetu. Kitambaa cheupe, sahani mbili, dirisha. Nikamwambia mume wangu, "Baba, meza yetu hii hapa." Akasema ndiyo, nzuri. Kabla hajavuta kiti tukasikia mtu nyuma yetu anasema kwa sauti, "Mugonile!"

Jamani! Bahari yote ile, watu wote wale, salamu ya nyumbani inatokea kisogoni mwetu. Walikuwa wanaume wanne, wastaafu, watatu wa Kyela na mmoja wa Masoko, kwetu kabisa, wamesafiri bila wake zao. Mume wangu uso ukamfunguka. Sikuwahi kuuona umefunguka hivyo, hata siku ya ndoa yetu. Wakashikana mikono miwili miwili, wakaulizana koo. "Ngoja niwasalimie hawa," akaniambia. Akaenda kuwasalimia, akawasalimia mpaka Tanga.

Mhudumu akaleta supu mbili. "Baba anakuja?" "Anakuja," nikasema. Ya kwake ikapoa mpaka ikafanya utando juu, mhudumu akaiondoa. Nikasikia kicheko cha mume wangu kutoka meza ya upande wa pili, kile cha kupiga paja. Mtu atauliza, kwa nini hukwenda kumwita? Kwetu mwanamke hamnyanyui mume wake kati ya wanaume wenzake. Afadhali avue kanga sokoni.

Nikadhani ni jioni moja tu. Asubuhi nikamkuta ameshakaa nao, wanagombania sukari kama wanafunzi wa bweni. Mchana tena. Jioni nilipoingia, yule mama wa Kitanga alikuwa ameshaondoa sahani ya pili, na kiti cha pili amekisogeza pembeni. Alifanya kwa huruma, najua. Lakini roho iliniuma, nikatamani nimfokee mwanamke wa watu asiye na kosa.

Kilwa tulishuka. Wakatupeleka kwenye magofu ya jumba la sultani, lililo juu ya jabali, na ndani yake kuna bwawa la kuogea la pembe nane, limechongwa vizuri, hadi leo unatamani lijazwe maji. Nikageuka nimwambie mume wangu angalia. Alikuwa mbali na wenzake, wanapapasa kuta, wanabishana kama chokaa ile ingestahimili mvua za Rungwe. Nikamwambia mzungu mmoja aliyekuwa karibu, "Angalia." Akatabasamu. Hakujua nimesema nini.

Unguja ndiyo ilinimaliza. Mwongozaji alitusimamisha kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, akatuonyesha vibaraza vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba. Akasema mwenye nyumba alikaa pale na wageni wake wa kiume wakinywa kahawa, wanawake wakibaki ndani. Mume wangu akafurahi huyo! "Mnaona," akawaambia wenzake, "hawa walikuwa watu wastaarabu." Wakakaa wote watano kwenye kibaraza cha watu wakapigwa picha. Na mpiga picha ni nani? Ni mimi. Walinipa simu nne, moja baada ya nyingine, na mume wangu akanielekeza nisogee nyuma kidogo ili waingie wote.

Pangani sikushuka. Nilisema kichwa kinauma.

Tanga wale wanne waliteremka, wana jamaa yao Korogwe walitaka kumwona. Waliagana na mume wangu gatini kama watu wanaozikana. Mimi nilisimama juu kwenye reli ya meli nikiangalia, na nisiwe mnafiki, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Ilikuwa imebaki jioni moja kabla ya kurudi Dar, nikaenda kuvaa lile gauni langu.

Akaja. Akazunguka chumba cha kulia na macho, akaona wenzake hawapo kweli, akaja mpaka dirishani, akavuta kiti mwenyewe. Mhudumu aliona, akaleta sahani ya pili mbio. Mume wangu akakaa. Akanyoosha kitambaa, akaangalia nje, akaangalia viti vya jirani. Kisha akaniuliza, "Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu nani?"

"Wale akina mama wa vitenge vya njano. Si ndio ulikuwa unakula nao?"

Nikabaki nimetoa macho. Wale akina mama ni kwaya ya Morogoro, sikuwahi kuwaambia hata habari za asubuhi. Kumbe safari nzima, kutoka meza ile mpaka hii, hatua chache, hakugeuza shingo mara moja aone nimekaa na nani. Alijua na mimi nina ukwangala wangu na wenzangu. Kwake isingewezekana mtu kula peke yake siku zote zile.

Hasira zikanipanda. "Mwenzangu ni wewe!" nikasema, na nadhani nilipaza sauti. "Meza hii ni ya kwetu. Nilikuonyesha siku ya kwanza. Nimekaa hapa peke yangu kama mjane, unanisikia? Peke yangu!"

Akaangalia kama kuna watu wamesikia. Akaweka uma chini. Hakukasirika, heri angekasirika. Akaniuliza taratibu, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetaka kuelekezwa, "Sasa mama, mimi na wewe tungeongea nini?"

Na akasubiri. Hilo silisahau, alisubiri kweli, ameniinamia, mikono mezani, kwa mara ya kwanza maishani mwetu. Nikafungua mdomo. Nilitafuta bwawa la Kilwa, nikatafuta miaka yangu yote ya jikoni, na maneno niliyoyaweka akiba kwa ajili ya saa ile.

"Sijui kama jirani amemkamua ng'ombe tuliyemwachia," nikasema.

"Eee, kweli!" Uso ukamfunguka. Akatoa simu, akapiga Tukuyu kuuliza, na akaongea na jirani mpaka nikamaliza kula.