Waya Ulioingia Chumbani kwa Mama Mkwe

Ukitaka kumwona Mama Agatha wa Newala amekasirika, mtajie kuboresha. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuuza atakacho, alishuhudia vitu vingi vikiboreshwa. Ghala la korosho la mtaani kwao liliboreshwa mpaka likabaki na popo. Bomba la maji nalo liliboreshwa, na mwaka uliofuata akarudi kuteka maji ya mvua kwenye tangi lake la saruji. Sasa ilikuwa zamu ya mashine ya marehemu mumewe, na safari hii aliyeboresha alikuwa mkwewe mwenyewe.

Mumewe, Dastani, alikuwa mpiga video. Kuanzia Newala mpaka Kitangari hakuna aliyeoa, aliyebatizwa wala aliyetoka jandoni bila Dastani kuwa nyuma ya kamera, akielekeza watu kwa sauti yake ya kukwaruza: sogea huku, cheka kidogo, wewe mrefu rudi nyuma. Kanda zilipopitwa na wakati, alizihamishia zote kwenye kompyuta kubwa aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya Masasi. Aliiita seva, akaiweka sebuleni, na hakupenda kabisa izimwe. Umeme ukikatika, betri ya gari iliishikilia.

Lakini aliyewapiga wenzake picha maisha yake yote, yeye hakupigwa na mtu. Alipofariki hapakuwa na mkanda hata mmoja unaoonyesha uso wake. Kilichobaki ni sauti tu, humo ndani ya seva, ikitokea nyuma ya kamera. Mama Agatha akasema siku ya arobaini watu wakae uani waisikie sauti hiyo. Hakutaka kingine.

Gasper, mume wa Agatha, alikuwa na duka la vipuri vya kompyuta Masasi. Alipanda Newala siku chache kabla ya arobaini, akaitazama seva, akaona imechoka na itawaaibisha mbele ya wageni. Bila kumuuliza mtu akaizima, akabadilisha ubao wa ndani na chipu za kumbukumbu, akachomeka flashi yenye programu mpya, akabonyeza. Feni zikazunguka. Kioo kikaandika mstari mmoja mweupe kwamba diski ya kuwashia haionekani, kisha kimya.

Mama Agatha alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni anachambua ming'oko, vile viazi vya porini, na aliona yote. Hasira zikampanda. Lakini angesema nini? Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawasemezani ovyo. Gasper akifika huchuchumaa mbali, hutoa shikamoo akitazama chini, naye Mama Agatha huitikia marahaba akitazama mlango. Miaka yote ya ndoa hawakuwahi kutazamana usoni. Neno lolote kati yao lilipitia kwa Agatha, na Agatha siku hiyo alikuwa sokoni. Basi Mama Agatha akaongea na kuku.

"Nyie kuku," alisema, kwa sauti ya kufika sebuleni, "mkimkuta mtu anatembea salama, msimvunje miguu ili mumfundishe kukimbia."

Gasper alisikia. Akarudisha ubao wa zamani, mstari ukawa uleule. Akarudisha na kumbukumbu ya zamani, akachomoa flashi ya programu mpya, akabadilisha hadi waya wa umeme. Kesho yake alishinda amepiga magoti mbele ya ile mashine, na huko uani kuku walitukanwa mchana kutwa kwa makosa ambayo hawakuyatenda.

Sehemu moja tu hakuigusa. Nyuma ya seva ulitoka waya mweusi, ukaingia kwenye tundu la ukuta na kupotelea chumbani kwa Mama Agatha. Nyumba ilipovunjwa na wezi, Dastani aliziondoa diski sebuleni, akazitia kwenye sanduku dogo chini ya kitanda chao, maana chumba hicho ndicho chenye mlango wa chuma. Gasper aliuona waya na alijua unakwenda wapi. Ila chumba cha mama mkwe hakiingiliki. Hata mlango wake mkwe hauelekezei macho. Akamtuma mkewe. Agatha akachungulia, akaona taa ya kijani inawaka kwenye sanduku, akasema huku kuko sawa, hakuna shida. Ndipo Gasper akakata tamaa, akamtuma tena ampelekee mama habari kwamba diski zimekufa.

"Zimekufaje?" Mama Agatha alimuuliza binti yake. "Zilikuwa nzima mpaka alipozigusa."

Alichukia kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mume amekwisha kumzika. Leo anaambiwa amzike tena, na aliyemuua yuko sebuleni anakunywa chai yake. Akaingia chumbani, akajibwaga kitandani, akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Na hapo, kupitia lile tundu la ukutani, akamsikia Gasper akimnong'oneza mkewe kwamba angeuona mwisho wa waya kwa macho yake mwenyewe angejua, ila jambo hilo hawezi kuliomba, bora aonekane mjinga.

Mama Agatha akaacha kulia. Hasira zake hazikupoa, zilibadili njia tu. Heshima gani hii, alijiuliza, inayomwacha mume wangu anyamaze milele kwa sababu ya mlango? Akainuka, akafuta uso, akaufungua mlango wa chuma mpaka mwisho, akaenda kusimama sebuleni.

"Baba Anselmo," alimwambia mkwewe, akimwita kwa jina la mjukuu, "ingia chumbani ukatazame waya."

Agatha alishika mdomo. Gasper alikuwa anatazama sakafu.

"Mama, siwezi."

"Nimefiwa na mume. Sina muda wa kuoneana haya na waya. Ingia."

Akaingia ameinama, akalala kifudifudi, akamulika tochi chini ya kitanda. Nyuma ya sanduku palikuwa na mifuko ya salfa, ule unga wa manjano wa kupulizia mikorosho. Wakati wa msiba stoo ilihitajika kwa wageni kulala, na Mama Agatha mwenyewe ndiye aliyeamuru mifuko isukumwe humo. Mmoja ulikuwa umechanika, unga umemwagikia waya, na shaba ya kichwa chake imekuwa nyeusi tititi. Kila mkulima wa huko anajua jinsi salfa inavyokula chuma. Mama Agatha aliwagombeza vibarua kila msimu kwa kuacha pampu bila kuiosha. Ilipokuwa inawaka, mashine ilijikongoja hivyohivyo. Ilipozimwa, haikuliona tena sanduku, ingawa taa yake iliendelea kuwaka.

Gasper akatoka na vidole vya manjano.

"Salfa ni yangu," Mama Agatha alisema. "Ungeniuliza, ningekwambia iko wapi."

"Ningekuulizaje, Mama?"

Swali hilo lilimuudhi zaidi ya salfa.

Gasper alilisugua tundu la sanduku kwa spiriti, akafunga waya mpya, akabonyeza. Mashine ikakoroma kama zamani. Akafungua mkanda wa kwanza uliojitokeza, nao ulikuwa wa harusi yake mwenyewe. Alionekana kijana mwembamba ndani ya suti ya kuazima, amechuchumaa mbele ya mama mkwe, kidevu kimegusa kifua. Kisha, nyuma ya kamera, ile sauti ya kukwaruza ikatoka.

"Gasper, inua uso. Mtazame mama yako, bwana. Ukikaa hivyo wanao watadhani ulikuwa unatafuta sindano."

Agatha aliangua kilio. Mama Agatha hakulia. Alikuwa bado amekasirika, kwa salfa, kwa kuboresha, kwa miaka yote ile ya kutazama mlango.

"Umesikia," alimwambia mkwewe. "Baba yako alikwambia tangu siku ile."

Gasper akainua uso, akamtazama. Naye Mama Agatha hakugeukia mlango.