Samli ya Shangazi Yangu Siku ya Diwali

Darasa la pili sikulimaliza, lakini Garissa nzima hakuna aliyejua samli kunishinda. Leo nina malori na nyumba ya mawe mtaa wa Waberi. Wakati wa vita vya shifta nilikuwa kijana mwenye debe moja na mdomo.

Kulikuwa na mama mmoja Muhindi, yeye na mumewe wakiuza nguo. Kila Diwali alifungua mlango wa ua, akawasha vitaa vya udongo, akawagawia majirani ladu, vile vidonge vitamu vya unga wa dengu. Sinia yetu hakuiingiza kwenye chumba chao cha ibada, kwa kuwa alijua sisi Waislamu tusingeigusa ikishatolewa kwa miungu yao. Mwaka huo Wahindi wengi walikuwa wamehamia Kenya, kama sisi wa Garissa tulivyouita upande wa Nairobi. Mama akasema mlango ukibaki umefungwa Diwali hiyo, watu watadhani naye amekwenda. Na samli yake ya kupikia ladu, aliyoiagiza Nairobi, ilikuwa imekwama, barabara imefungwa.

Nikampelekea debe langu. Akalinusa.

"Hii ilikaa na nyama?"

Wao nyama hawali, wala kilichoigusa. Sisi Wasomali nyama tunaikausha, tunaikaanga, tunaihifadhi ndani ya samli, ndiyo nyirinyiri, na kwetu hiyo ndiyo samli tamu. Haikunipitia akilini kabisa kwamba kwake ingekuwa haifai. Ningekana, angejuaje? Muuzaji mwingine angekana. Mimi nikamwambia, "Mama, ilikaa na nyirinyiri."

Akalifunika debe taratibu, akaketi juu ya gunia. Diwali ilikuwa kesho.

Nikakimbilia kwa eeddo, shangazi yangu. Alikuwa na samli ya ng'ombe aliyoiweka kwa ajili ya uzazi wa bintiye, kwenye chombo kilichofukizwa moshi wa kuni, hakijawahi kuona nyama. Alinitukana kwanza, kwamba nimezoea kuuza vya watu. Kisha akanipa, kwa sharti aje mwenyewe aone inakoishia.

Kwa ajili ya kafyu ya usiku Diwali ikafanywa alasiri, jua kali, moto wa vitaa huuoni mpaka uiname. Fataki hakuna; nani alipue fataki mji umejaa askari? Mama aliomba radhi kabla watu hawajaketi: ladu zilikuwa zinanukia moshi. Wanawake wakachukua moja moja kwa adabu, ya kufunga kwenye ncha ya shuka na kwenda nayo nyumbani, kama kila mwaka. Eeddo akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena.

"Hiki ni chombo changu," akasema. "Nipe nyingine."

Wakacheka, wakafungua zile ncha za shuka, wakala palepale. Eeddo akakaa karibu na vitaa, yeye na Kisomali chake, mama na Kigujarati chake, wala sijui waliambiana nini. Mlango ukabaki wazi mpaka askari akaja kutukumbusha saa. Naye akapewa ladu.

Mwaka uliofuata mama hakuagiza samli Nairobi. Aliniita mimi.

"Lete ya shangazi yako," akasema. "Na moshi wake."