Sahani Inayorudi Inang'aa

Ukisema mpishi, basi huyu mama. Maisha yake yote alipikia shule ya bweni, kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani, na kipimo chake cha chumvi kilikuwa mkono: chota, tupa, kwisha. Alipostaafu akabakiwa na sufuria ndogo, mume, na labrado wa binti yao aliyehamia mbali. Mbwa huyo walimwita Kapu, maana hajai.

Loo, labrado na chakula! Kapu alikula wali, maganda ya viazi, sabuni ya kufulia, na siku moja soksi ya mzee. Hana kinyaa, hana breki.

Ndipo daktari wa mifugo akampandisha kwenye mizani na kuguna. "Mama, nyonga zimeelemewa. Asipopungua, hatasimama tena."

Mama alishtuka, maana alimpenda yule mbwa kama mwana. Akaanza kumpimia chakula kiduchu kwa kikombe, huku amegeuza uso asiyaone yale macho ya yatima. Lakini wapi! Kapu akazidi kunenepa. Mzee naye suruali zikawa zinamvuka.

Mchana mmoja mama akapakua, akajidai anakwenda kuanua nguo, akarudi kwa mlango wa nyuma. Akamkuta mumewe ameinama, sahani iko sakafuni, Kapu anairamba.

"Baba wewe! Unataka kuniulia mbwa?"

Mzee akainuka taratibu. "Mke wangu, usinune. Ni chumvi. Bado unapikia shule nzima. Kila sahani ikirudi tupu unaimba, nikashindwa kukwambia."

Mama alijibwaga kitini. Ilimuuma, tusidanganyane: kumbe shabiki wake ni mbwa anayekula sabuni! Yeye mwenyewe, kama wapishi wengi, hushiba harufu akaishia kwenye chai na mkate. Wala hakuwa mtu wa kuonja, mkono wake haukosei. Akachovya kidole kwenye mchuzi.

"Mungu wangu!" Akatema.

Jioni alipika upya, chumvi ncha ya kijiko, akaonja na kuonja tena. Mzee alikula tonge baada ya tonge. Chini ya meza Kapu alingoja, akangoja, akaanza kulalama kama aliyedhulumiwa. Haikudondoka hata punje.

Mzee akaisogeza sahani. "Niongezee."

Tangu astaafu, hakuwahi kuambiwa neno hilo. Mama akageukia jiko upesi, akapakua huku analia, na safari hii hakuimba.