Siku Nilipompa Wakili Anselmi Mke wa Pili

Afadhali mlisikie kwangu, maana Ifakara nzima inalijua, hadi wauza samaki wa Lupiro wananiulizia: mimi ndiye niliyesimama kando ya jeneza, mbele ya padre na ukoo mzima, nikamwozesha marehemu mke wa pili.

Marehemu ni Mzee Anselmi, wakili wa kwanza mzaliwa wa hapa kwetu. Kabla hajafungua ofisi yake, ile yenye mlango wa bluu pembeni ya duka la mchele la baba yake, mtu wa hapa mwenye kesi kubwa alisafiri hadi Morogoro kutafuta wakili, na mara nyingi alirudi hajampata. Nina daftari la watu wa mwanzo wa mji huu, nimelipanga vizuri, wenye maduka mbele, madiwani katikati, na mwisho kurasa ishirini nilizomtengea yeye peke yake. Kila tulipokutana alinisimamisha, akafuta miwani kwa ncha ya tai, akasema, "Mwandishi, njoo Jumamosi. Lete daftari na karanga." Nami nikaitikia nitakuja mzee wangu, na Jumamosi ikifika kuna mavuno, au mvua, au nimechoka tu, kwa sababu (niseme ukweli) nilimwona kama milima ya Udzungwa, kwamba nisipoitazama leo, kesho nitaikuta palepale.

Akafariki Jumanne.

Asubuhi ya mazishi mjane wake, Bibi Yustina, akaniita ndani alipokaa mkekani. "Mwanangu, historia ya marehemu utaisoma wewe. Mzee aliniambia unaandika maisha yake."

Nilipaswa kusema, mama, zile kurasa ni tupu. Nikasema, "Ipo, mama." Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Nikaanza kuzunguka chini ya turubai nikitafuta mtu wa rika lake, na wengi wametangulia. Kwenye kiti cha plastiki nikamwona mzee nisiyemjua, anakula mihogo, ametulia kama katekista.

"Shikamoo mzee. Ulimfahamu marehemu?"

"Marahaba. Nani anamfahamu kuliko mimi? Kaa."

Nikakaa. Sheria, alisema, marehemu aliianzia jikoni kwa hakimu mmoja, akichochea maharage huku akisikiliza mlangoni. Nikaandika. Kesi yake ya kwanza ilihusu baiskeli ya wizi; akashinda, akaondoka na baiskeli. Nikaandika (nikapunguza makali, nikaweka "alijipatia usafiri"). Kisha akaniinamia sikioni. "Na yule mama wa Mang'ula, jirani na stesheni, usimsahau. Hawa wanaona haya kumtaja, lakini wewe si mwandishi?"

Kawaida yangu jambo zito huwa nauliza watu wawili. Siku hiyo nilimwuliza mmoja, tena mwenye mihogo mdomoni.

Saa nane nikakabidhiwa kipaza sauti. Kwenye maharage watu waliguna. Kwenye baiskeli mtu alikohoa. Nikasonga mbele: "Marehemu ameacha wajane wawili, Bibi Yustina wa hapa Ifakara, na mama mmoja wa Mang'ula."

Bibi Yustina akainua uso, akanitazama kama mtu aliyepigwa. Padre akatazama viatu vyake. Mtoto mkubwa wa marehemu akaanza kukunja mikono ya shati.

"Pingamizi, mheshimiwa!"

Ilitoka nyuma, na ilikuwa sauti ya Mzee Anselmi. Nikageuka. Ni yule mla mihogo, kavaa koti jeusi la marehemu la mahakamani, anafuta miwani ya marehemu kwa ncha ya tai. Watu wakaangua kicheko. Alikuwa Mngoni, mtani wetu, na mtani msibani ana ruhusa ya kumzulia marehemu lolote na kuvaa nguo zake ili wafiwa wacheke. Mimi nimezaliwa hapa, nayajua yote hayo, nimeona watani wakilala kaburini kuzuia maziko! Ila wale huja na kelele. Huyu alikuja na mihogo.

Akanijia kwa mwendo uleule wa mzee, akiburuza kidogo mguu wa kushoto. "Mheshimiwa, shahidi huyu hajafika kwangu hata Jumamosi moja. Mwandishi, karanga ziko wapi?"

(Baadaye nilijua alikuwa akipita kumsalimu mzee kila mwezi. Yeye, wa kutoka mbali.)

Kicheko kikazidi, Bibi Yustina anacheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Sauti ilikuwa yake kabisa, na aibu yote ile niliona si kitu, nilitamani tu asinyamaze, aendelee kunisema mpaka jua lizame. Nikajikuta nasema, na kipaza sauti bado kiko mkononi, "Nitakuja Jumamosi, mzee."

Hapo kicheko kikakatika.

Jumamosi nilikwenda, na karanga. Bibi Yustina akanifungulia mlango wa bluu. "Leo umefika," akasema, akanikalisha mbele ya kiti kitupu na kunisimulia anayoyajua. Zikajaa kurasa nne. "Mengine," akasema, "aliyajua mwenyewe."

Tangu hapo nimeapa: mzee akiniambia njoo Jumamosi, nakwenda siku hiyohiyo, hata kama ni Jumatatu na mpunga uko juani. Zile kurasa kumi na sita zilizobaki sijaziandika kitu, wala sijamtengea mtu mwingine.