Nilivyoukalia Ushahidi

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu mshtakiwa wa kwanza alikuwa nyanya yangu, naye Kiingereza chake kinaishia kwenye "tenkyu". Mshtakiwa ana haki ya kuielewa kesi yake. Mimi mwenyewe nimezaliwa Lewisham, na kwa miaka mingi nilikuwa nikisemeshwa Kiswahili najibu Kiingereza, mpaka Nyanya, mama yake mama, alipokuja kutoka Mombasa kukaa nasi na kutangaza kwamba asiyemjibu kwa lugha anayoielewa hatapata chapati. Nilijifunza haraka sana. Shule ingekuwa na chapati, leo ningekuwa profesa.

Tangu Septemba mimi ni mwanasheria. Yaani, bado niko shule, ila nimechukua sheria kama somo mojawapo kati ya matatu. Watu huuliza ni nini kilichonivuta kwenye taaluma hiyo adhimu. Ni hita. Darasa la sheria ndilo pekee lenye hita inayofanya kazi.

Siku moja mwalimu wetu akaingia na swali. Unapita bustanini, unaona mtoto usiyemjua anazama kwenye kidimbwi ambacho maji yake hayakufiki hata magotini. Mkononi una pakiti ya krispi. Unasimama, unamtazama, unakula krispi zako mpaka ya mwisho. Umefanya kosa gani la jinai? Darasa zima tukapiga kelele: kuua! Akatikisa kichwa. Hakuna kosa. Sheria ya Uingereza humwadhibu mtu kwa alilolitenda. Kwa aliloacha kulitenda, kwa kawaida haimgusi.

Nilihisi kama nimefunguliwa minyororo. Miaka kumi na saba naishi na mama anayenigombeza kwa mambo ambayo sikuyafanya, sikuosha, sikukunja, sikutoa taka, kumbe wakati wote huo sheria ilikuwa upande wangu!

Mwalimu aliendelea baada ya "kwa kawaida". Alitaja wale ambao kuacha kwao ni kosa: mzazi kwa mtoto wake, mtu aliyeajiriwa kulinda, mtu aliyejitwika kumtunza mwingine, na mtu aliyeanzisha hatari mwenyewe kisha akaiacha. Hayo niliyaandika bila kuyasikia. Nilichokisikia ni kisa kimoja tu, kwa sababu kilinichekesha. Jamaa mmoja alilala kwenye nyumba ya watu huku anavuta sigara. Akaamka, akaona godoro linafuka moshi. Akalizima? Wapi! Aliinuka, akahamia chumba cha pili, akaendelea kulala. Nyumba ikaungua, naye mahakamani akasema hakukusudia kuwasha moto. Wakamwambia sigara tumekusamehe. Ulipoamka ukaona, ukahama, hapo ndipo tulipokukamata.

Nilikirudia kisa hicho nyumbani wiki nzima, mezani, kwa vitendo. Nilikuwa nalala kwenye kochi, naamka, nanusa, nainuka na blanketi langu kwa heshima zote, naenda kujilaza jikoni. Dada yangu alichoka. Nyanya alicheka mpaka akashika ubavu.

"Hebu tena yule mjinga wa godoro," alikuwa akisema. "Mume wangu, nifanyie tena." Nyanya huniita mume wake. Ndiyo utani wetu, na mahari sijamaliza.

Mama hakucheka. Mama ni nesi, akirudi kazini anataka kuona sinki tupu.

"Mbona vyombo viko hapa?"

"Mama, sheria ya Uingereza hainilazimishi kuokoa sahani nisiyoijua."

"Hiyo sheria ya Uingereza ndiyo itakayokupikia leo?"

Kwa hiyo sote watano, yaani mimi, dada, Mama, Baba na Nyanya, tulikuwa tunamjua jamaa wa godoro kama ndugu. Likumbukeni hilo.

Sasa nieleze jambo la udi. Nyumba yetu, kama nyumba yoyote ya watu wa pwani, haipokei mgeni bila kufukizwa. Nyanya ana chetezo chake cha udongo alichokibeba kwenye mzigo wa mkononi, na udi wake anautafuta kwa Waarabu wa Edgware Road, ambako huingia duka kwa duka akinusa na kukunja pua mpaka wauzaji wanaanza kumwogopa. Tatizo ni kwamba flati za London zina king'ora cha moshi darini, na king'ora hakijui tofauti ya udi na maafa. Mara mbili kiliwahi kutulilia, na majirani wa ghorofa nzima wakatoka barabarani na nguo za kulalia. Tangu hapo tukapata dawa: kabla ya kufukiza, king'ora kinavikwa kofia ya plastiki ya kuogea. Yetu ina maua ya waridi. Mvishaji ni mimi, kwa sababu ya urefu wangu, kipaji pekee ambacho familia inakitambua.

Lakini baada ya ile mara ya pili, Mama alikuwa ameanza kusema neno jingine. Kwamba Nyanya anasahau. Alisahau jiko siku moja, alisahau mfereji siku nyingine. Kwamba si vizuri akae peke yake mchana sisi tukiwa kazini na shuleni. Kuna kituo cha wazee karibu na hospitali, wanakuja na basi dogo asubuhi, wanawachukua, wanacheza bingo, wanarudishwa jioni. Nyanya alikwenda siku moja kujaribu. Alirudi akakaa kitandani na buibui lake bado mwilini.

"Wananisemesha kama mtoto mchanga," aliniambia. "Na chai yao imepoa. Mume wangu, usiniache nipelekwe kule."

"Sikuachi, Nyanya."

Nilisema hivyo. Mwanasheria mzima, bila kusoma mkataba.

Jumamosi ya posa ya dada ikafika. Wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kutoka upande wa Queensbury, na Baba alikwenda stesheni kuwapokea. Mama na dada waliteremka sokoni kuchukua maua na matunda, na dada alitoka na liwa usoni, ule msandali wa kusagwa wa kung'arisha ngozi, nusu imekauka, akitembea kama sanamu lililotoroka jumba la makumbusho. Nyumbani nikabaki na Nyanya.

Nilivika king'ora kofia. Nyanya akawasha makaa, akayatia kwenye chetezo, akakiweka katikati ya sebule chini ya kianikio cha nguo, na juu yake akatandaza kanzu yangu na nguo za Mama ili zipate harufu. Kisha adhana ya simu yake ikalia.

"Naenda kuswali. Niangalizie hicho chetezo."

"Sawa, Nyanya."

Sawa. Neno dogo, lakini mwalimu wangu angelipiga mstari mwekundu chini yake: hapo mtu alijitwika jukumu. Tatizo, yule mtu alikuwa na simu mkononi na masikio ameyaziba kwa vipokea sauti, na timu yake ilikuwa inaongoza.

Udi mbichi hupasuka ukishika moto. Nilisikia "ta!" kwa mbali, nikadhani ni mchezo. Baada ya hapo moshi ukaongezeka, na harufu ya peponi ikaanza kuchanganyika na nyingine, ya kitu kama tairi. Niliinua macho. Niliona kiuzi chembamba cha moshi kikitoka kwenye zulia, pembeni ya chetezo, mahali ambapo moshi hauna kazi. Nilikiona. Macho yakaanza kuniwasha, kioo cha simu sikioni vizuri, na mechi ilikuwa kwenye dakika za mwisho.

Nikainuka, nikaenda chumbani kwangu.

Wallahi sikufikiri kitu. Hata leo nikijaribu kukumbuka nilifikiri nini, nakuta bao la tatu tu.

Kilichofuata nilikisikia: miguu ya Nyanya ikikimbia, nami sikujua kama miguu hiyo hukimbia, kisha mmwagiko mkubwa. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama katikati ya sebule na vazi lake la kuswalia, jagi tupu mkononi. Juisi yote ya ukwaju ya wageni ilikuwa kwenye zulia. Moto ulikuwa umezimika, na palikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa sahani ya kikombe.

Na mlango wa nje ukafunguka. Ingekuwa filamu ningesema mwandishi mvivu.

Mama alitazama tundu, jagi, chetezo. Alitazama kofia ya waridi darini. Aliweka maua chini polepole, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, jambo ambalo nyumbani kwetu ni baya kuliko kelele.

"Mama. Si ndilo nililokuwa nalisema?"

Nyanya alinitupia jicho mara moja, nusu ya nusu ya sekunde.

"Ni makaa yangu, mwanangu," alisema. "Nimesahau."

"Jumatatu nitawapigia simu wale wa kituo."

"Haya."

Akapiga magoti, akaanza kufuta ukwaju na leso yake mwenyewe. Mimi nilikuwa bado kwenye mlango wa sebule, sikio moja bado limezibwa. Nitasema ukweli kuhusu mawazo ya mwanasheria mkubwa saa hiyo: niliwaza kwamba mtu ana haki ya kunyamaza. Hakuna aliyeniuliza. Sijasema uongo. Nasimama tu hapa na krispi zangu, na anayezama kwenye maji ya magotini ni Nyanya.

Nikaona njia. Si kuungama, la, sikuwa shujaa kiasi hicho. Nitamtetea kitaalamu, ashinde yeye, na mimi nisitajwe.

"Mama, ngoja. Kisheria, Nyanya hana kosa."

"Usinianze."

"Sikiliza. Kuwasha makaa si kosa, kila mtu anawasha. Cheche imeruka kwa bahati mbaya, hakukusudia. Tendo lipo, nia haipo."

"Wakwe zangu wako kwenye treni," dada alisema, na liwa ikampasuka kwenye shavu, "na huyu anaendesha mahakama!"

"Kwa hiyo," nikaendelea, nimeshapata kasi, "swali si nani aliwasha. Swali ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuzima. Na Nyanya alikuwa anaswali. Wajibu alishamkabidhi mtu mwingine, na mtu huyo alikubali. Aliyekubali kuangalia, akaona, akaacha, huyo ndiye..."

Hapo nikasikia ninachokisema.

Mama aligeuka akanitazama vile anavyomtazama mgonjwa aliyedai ameshameza dawa.

"Endelea, wakili. Huyo aliyekabidhiwa alikuwa nani?"

"Mama, majina hatutaji."

"Aliuona huo moshi?"

"Kidogo."

"Akafanya nini?"

Nikatazama zulia. "Alikwenda chumba cha pili."

Dada ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika mdomo, akasahau liwa, akaninyooshea kidole. "Alihamia chumba cha pili! Mungu wangu, alihamia chumba cha pili!"

Nyanya aliinua uso kutoka sakafuni. "Kama yule wa godoro?"

"Kama yule wa godoro," nikasema.

Alianza kucheka akiwa bado amepiga magoti, ukwaju mpaka kwenye viwiko. Akacheka hadi dada akamfuata, na Mama akageukia ukutani kwa sababu hakimu hapaswi kuonekana mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena, hukumu ilikuwa tayari. Meza haikuweza kuhamishwa, sambusa zilishapangwa. Zulia lenyewe limegundishwa kutoka ukuta hadi ukuta.

"Vaa kanzu yako," alisema. "Ukae hapo juu ya tundu. Wageni wakiingia usitikisike, wakitoka usitikisike. Si ulikuwa unapenda kutofanya kitu?"

Ndiyo maana, wakati dada yangu anaposwa, mimi nilikaa katikati ya sebule nimekunja miguu kama Buddha aliyebandikwa, kanzu nyeupe ikinyonya ukwaju kutoka chini. Mama wa kijana aliingia akaninyooshea mkono. Nilimpa mkono nikiwa nimekaa.

"Hasimami?" aliuliza.

"Ana miguu, inamsumbua," akasema Nyanya.

Baba yake kijana aliketi, akavuta pumzi ya udi kwa raha, macho yakapanda darini. Tulikuwa tumesahau kofia. Dada alifumba macho.

"Nyinyi mna ya maua," alisema yule mzee kwa upole. "Sisi twakivika mfuko wa mkate."

Baada ya hapo nyumba ililegea, chai ikamiminwa, na wakanisifu mara kadhaa kwa utulivu wangu, nadra kwa vijana wa siku hizi. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshakufa. Kisha mama wa kijana akamgeukia Nyanya akamuuliza kama hapa London hapati upweke, mchana kutwa ndani peke yake, wenyewe wako kazini. Nyanya alitazama kikombe chake, kisha akamtazama binti yake.

Nilitaka kusema kitu. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa tayari kutenda, na kwa hukumu ya mahakama siruhusiwi.

"Hayuko peke yake," Mama alisema, akimwongezea Nyanya chai ya moto. "Huyu kijana akitoka shuleni, lazima amkute nyumbani mtu wa kumwangalia."